Ulimi Kama Mizani: Chakula na Maji ya Kusafishia Kinywa Katika Kuonja Vinywaji Vichachu

Mtu akitafuna kipande cha muwa, kisha papo hapo akanywa togwa iliyolala usiku mmoja, aghalabu hukunja uso na kusema kuwa togwa hiyo imechacha kupita kiasi. Mwenzake aliyetoka kula ubuyu hunywa togwa ile ile, kutoka katika kibuyu kile kile, akasema kuwa bado ni tamu. Hakuna mwongo kati yao. Togwa haikubadilika; kilichobadilika ni ulimi.

Jambo hili laonekana dogo, lakini matokeo yake si madogo. Mama apikaye pombe ya mtama kwa kuuza huweza kulaumiwa kwa kosa ambalo si lake, akapoteza wateja na mtaji. Mtengenezaji wa togwa huweza kuacha njia nzuri ya uchachushaji na kushika mbaya, kwa sababu tu waonjaji wake walikula embe kabla ya kuonja. Kadhalika, mwanafunzi wa sayansi aweza kuandika matokeo yasiyo ya kweli huku akidhani kuwa ametazama kwa makini.

Mizani haiwezi kupima sawasawa kabla ya sindano yake kurudi kwenye sifuri. Ulimi nao ni chombo cha kupimia, nao wahitaji kurudishwa kwenye sifuri baada ya kila mwonjo. Makala haya yaeleza ni chakula gani na maji gani yafaayo kwa kazi hiyo, na ni vyakula gani vifaavyo kuliwa pamoja na kinywaji kichachu lakini visifae hata kidogo wakati wa kukipima.

KINYWAJI CHA NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ya Tanzania ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, katika eneo la Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, katika eneo hilo la Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. David Livingstone na Henry Stanley walikaa pamoja Kwihara, karibu na Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872. Katika kitabu cha safari yake kilichochapishwa mwaka 1860, Burton alieleza habari za pombe ya nafaka ya nchi hizo, akailinganisha na vinywaji vya jinsi hiyo vya Misri na vya sehemu nyingine za Afrika.

Pombe hiyo haikufaa kuwa mzigo wa safari ndefu. Chachu iliyomo huendelea kufanya kazi hata baada ya kinywaji kuiva. Hutoa gesi, na katika siku chache kinywaji hugeuka kuwa kikali kama siki. Kwa hiyo ilinyweka karibu na mahali ilipopikwa, na mtu aliyesafiri kutoka kituo hadi kituo alikutana na nafaka ile ile ikiwa na uchachu wa viwango mbalimbali.

Msingi wa utengenezaji wake ni huu. Mtama au ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa ili kupata kimea. Ndani ya kimea mna vimeng'enya ambavyo hugeuza wanga kuwa sukari. Kimea kikitiwa katika uji uliopoa, uji huwa mwepesi na mtamu. Hapo vijidudu vya namna mbili huanza kazi. Bakteria wa asidi laktiki hula sukari na kutoa asidi; hamira nayo hula sukari na kutoa alikoholi na gesi ya kabonidayoksaidi. Togwa ni kinywaji ambacho kazi ya bakteria imetangulia na kazi ya hamira bado ni ndogo. Pombe ni kinywaji ambacho hamira imepewa muda wa kufanya kazi yake kikamilifu. Hata hivyo vyote viwili ni vichachu, nao uchachu huo ndio ulio mgumu kupimwa kwa ulimi.

UCHACHU NI NINI?

Kila asidi ikiwa ndani ya maji hutoa ioni za haidrojeni, ambazo huitwa pia protoni. Wingi wa ioni hizo hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi yana pH ya 7. Kadiri asidi inavyozidi, ndivyo namba inavyoshuka. Na kila hatua moja ya kushuka maana yake ni ongezeko la mara 10 la ioni za haidrojeni. Maziwa mabichi yana pH ya 6.6 hivi, maziwa mgando kati ya 4 na 4.6, na maji ya ndimu kati ya 2 na 2.6. Uji wa togwa huanza karibu na 6, nao ukichachuka vizuri kwa siku moja katika joto la kawaida hushuka chini ya 4.

Juu ya ulimi na katika sehemu nyingine za kinywa mna vikundi vya seli za kuonjea. Baadhi ya seli hizo hutambua uchachu. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua protoni huingiaje ndani ya seli hizo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitangaza kuwa protini iitwayo otopetrini ya 1 ni mlango wa kupitishia protoni, na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mlango huo ndio uwezeshao seli hizo kuhisi uchachu.

Hapa yafaa kusahihishwa kosa moja lililodumu vitabuni. Wanafunzi wengi wamefundishwa kuchora ramani ya ulimi: utamu kwenye ncha, uchachu pembeni, uchungu nyuma. Asili ya ramani hiyo ni uchunguzi wa Mjerumani D. P. Hänig wa mwaka 1901, ambaye aliona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu moja na nyingine. Waliomfuata wakazikuza tofauti hizo kupita kiasi. Kwa kweli sehemu zote za ulimi zenye seli za kuonjea huweza kuhisi ladha zote. Kwa sababu hiyo, mwonjaji hana budi kuuacha mwonjo uenee kinywani mwote kabla ya kutoa hukumu.

Lakini pH peke yake haielezi kila kitu. Asidi laktiki haina harufu kubwa, na uchachu wake ni wa taratibu. Asidi asetiki, yaani ile ya siki, huruka hewani na kupanda puani. Hutokea wakati bakteria wa siki wapatapo hewa ya oksijeni na kuila alikoholi. Pombe mbili zaweza kuwa na pH ile ile, lakini iliyo na asidi asetiki nyingi ikaonekana kali zaidi kwa sababu pua nayo imeshiriki. Kwa hiyo kunusa hutangulia kuonja.

KWA NINI ULIMI HUKOSEA?

Sababu ni tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mazoea. Seli za kuonjea zikikutana na ladha moja kwa muda, hupunguza mwitikio wake. Mtu aliyetoka kula ubuyu au ukwaju amekwisha uzoesha ulimi wake asidi. Asidi ya togwa huihisi kidogo. Na kwa kuwa katika togwa uchachu na utamu hufunikana, uchachu ukipungua, utamu uliofichika hujitokeza. Aliyetafuna muwa hupata kinyume chake: ulimi umezoea sukari, hivyo utamu mdogo wa togwa hauhisi kabisa, na uchachu hubaki peke yake pasipo kifuniko. Hivi ndivyo watu wawili wanywapo kitu kimoja wakapata ladha mbili.

Ya pili ni mabaki. Asidi ya mwonjo uliotangulia hubaki kwenye mate na kati ya meno. Mate yana baikabonati, ambayo hubatilisha asidi, na kinywa hutoa mate mengi zaidi kikikutana na kitu kichachu. Kila mtu ajuaye ukwaju anajua pia kuwa hata kuutaja huleta mate. Lakini kazi hiyo ya mate huhitaji muda. Mwonjaji mwenye haraka huonja mwonjo wa pili uliochanganyika na wa kwanza.

Ya tatu ni ukakasi. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi hupendwa na baadhi ya wakulima kwa sababu ndege hawaushambulii sana. Tanini hizo hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi, na kinywa kikahisi kama kimekauka. Ukakasi si ladha bali ni hisi ya mguso, tena hujilimbikiza. Funda la tano huonekana lenye ukakasi kuliko la kwanza ingawa kinywaji ni kile kile. Mwonjaji asiyejua jambo hili huudhani ukakasi kuwa ni uchachu.

KAZI MBILI ZA CHAKULA

Hapa ndipo watu wengi wachanganyapo mambo. Chakula kilicho karibu na kinywaji kichachu chaweza kufanya kazi moja kati ya mbili: kuusafisha ulimi, au kukisindikiza kinywaji. Kazi ya kwanza hutaka chakula kisichoacha alama yoyote. Kazi ya pili hutaka chakula chenye ladha ya kutosha kushindana na asidi. Chakula kizuri kwa kazi moja huwa kibaya kwa nyingine.

Visafishio vinavyofaa

Maji ndiyo ya kwanza. Yawe safi, yaliyochemshwa na kupozwa, yenye joto la kawaida la chumbani. Maji ya baridi sana huufisha ulimi ganzi, na utamu hasa hupungua kuhisiwa. Maji ya kisima chenye magadi hayafai, kwa kuwa yana ladha yake yenyewe. Mwonjaji asukutue na kutema, kisha anywe funda dogo. Asishangae akiona maji hayo yana utamu kidogo: baada ya ulimi kuzoea asidi, maji matupu huweza kuonekana matamu. Utamu huo ni ishara kuwa ulimi bado haujarudi kwenye sifuri, na yafaa kungoja.

Cha pili ni kipande kidogo cha chakula cha wanga kisicho na chumvi, sukari wala mafuta: ugali mweupe, mhogo mtamu uliochemshwa, au mkate mkavu wa kawaida. Chakula hicho hukwangua ulimi, hunyonya mabaki, na kule kutafuna huleta mate mapya. Waonjaji wa mvinyo na bia duniani hutumia mkate au biskuti zisizo na chumvi kwa sababu hizo hizo. Ugali wa mtama mwekundu haufai, kwani waweza kuongeza tanini zile zile zinazotakiwa kuondolewa. Viazi vitamu, pamoja na michembe na matobolwa yanayopendwa Unyamwezini na Usukumani, vina sukari. Ni chakula kizuri, lakini si kisafishio.

Kwa vinywaji vyenye ukakasi mwingi, funda la maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupozwa huweza kusaidia, maana protini za maziwa huzishika tanini. Lakini maziwa huacha mafuta mdomoni, hivyo baada yake lazima ufuate ugali, kisha maji, kisha mapumziko marefu zaidi.

Cha tatu, ambacho hakigharimu kitu, ni muda. Dakika 2 au 3 kati ya mwonjo na mwonjo si muda wa kupotezwa. Ni sehemu ya kipimo.

Visivyofaa wakati wa kupima

Asali. Tabora yajulikana sana kwa asali ya misitu ya miombo, na mtu aweza kudhani kuwa kulamba asali baada ya kitu kikali ni kuutuliza ulimi. Hutuliza kweli, lakini huuharibu kwa mwonjo ufuatao, kwa njia ile ile ya muwa.

Matunda. Embe bivu lina sukari na asidi pamoja. Ukwaju, ubuyu na ndimu vina asidi nyingi. Miembe mikongwe huhesabiwa kuwa mojawapo ya alama za njia ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, lakini matunda yake hayana nafasi kwenye meza ya waonjaji mpaka kazi ya kupima imekwisha.

Pilipili. Ukali wake ni maumivu madogo yanayodumu, na asidi huyaongeza.

Karanga na vyakula vya kukaanga. Mafuta hufunika ulimi, na chumvi hubadili namna ladha nyingine zinavyohisiwa.

Dawa ya meno. Sabuni iliyomo katika dawa nyingi za meno hupunguza utamu na kuleta uchungu. Mwonjaji asipige mswaki kwa dawa katika saa moja kabla ya kazi. Wala asipige mswaki mara tu baada ya kazi, kwa sababu asidi yenye pH iliyo chini ya 5.5 hivi hulainisha ngozi ngumu ya jino. Asukutue kwa maji na kungoja.

Mfano wa kushangaza wa chakula kigeuzacho ulimi ni tunda dogo jekundu la Afrika ya Magharibi liitwalo kitaalamu Synsepalum dulcificum. Lina protini ishikamanayo na seli za utamu. Mtu akilitafuna, kisha akala ndimu, ndimu huwa tamu. Asidi ya ndimu haikupungua hata chembe. Tunda hilo lafanya waziwazi kile ambacho muwa na asali hufanya kwa siri.

Vyakula vya kusindikiza

Kazi ya kupima ikiisha, meza hubadilika. Sasa hutakiwa vyakula vyenye chumvi, mafuta na ladha nzito ya nyama au samaki, kwa sababu asidi hukata mafuta na kuufanya ulimi uwe tayari kwa tonge lingine. Dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika, nyama choma, uyoga wa miombo, na karanga zile zile zilizokatazwa hapo juu, vyote vyafaa. Hata asali huwa na mahali pake, kwani ikichanganywa ndani ya kinywaji utamu na uchachu hupunguzana.

Kanuni hiyo ni ya watu wengi. Katika eneo la Brussels, Ubelgiji, kuna bia chachu iitwayo lambic, ambayo huchachushwa na vijidudu vinavyotoka hewani na kwenye mapipa bila kutiwa hamira ya kupandwa. Kwa desturi huliwa pamoja na mkate uliopakwa jibini nyeupe na figili. Mjini Berlin bia chachu ya ngano hutiwa sharubati ya matunda ili kupunguza ukali. Mkate na jibini wa Brussels, na dagaa wa Kigoma, hufanya kazi moja.

JARIBIO LA KWANZA: ULIMI NA KISAFISHIO

Jaribio hili ni la darasani. Wanafunzi hawaonji pombe. Ukwaju watosha kufundisha kanuni yote.

Vifaa: ukwaju gramu 100, maji yaliyochemshwa na kupozwa, asali, ndimu, ugali mweupe usio na chumvi, vikombe safi, karatasi na kalamu.

Utaratibu:

1. Loweka ukwaju katika lita 1 ya maji safi ya moto, uvuruge, uchuje, uache upoe. Huo ndio mwonjo pekee wa jaribio zima. Wanafunzi wasiambiwe kuwa ni mmoja.

2. Tayarisha visafishio vinne: A, maji matupu, B, maji yenye kijiko kimoja cha asali kwa kikombe, C, kipande cha ugali na maji, D, maji yenye matone ya ndimu.

3. Gawa darasa katika makundi manne. Kila kundi litumie visafishio kwa mfuatano wake:
Kundi la 1: A, B, D, C.
Kundi la 2: B, C, A, D.
Kundi la 3: C, D, B, A.
Kundi la 4: D, A, C, B.

4. Kila mwanafunzi atumie kisafishio chake, kisha aonje mililita 20 za ukwaju, aandike kiwango cha uchachu kuanzia 0 hadi 10. Apumzike dakika 3, asukutue kwa maji matupu, kisha aendelee. Kila mtu awe na kikombe chake, na pasiwe na mazungumzo.

5. Tafuta wastani wa darasa kwa kila kisafishio.

Maelezo: Ikiwa kazi imefanywa kwa uangalifu, wastani wa B hutarajiwa kuwa juu kuliko wa A, na wastani wa D kuwa chini. C hutarajiwa kukaribiana na A. Mifuatano minne haikuchaguliwa ovyo: kila kisafishio hukaa mara moja katika kila nafasi, na kila kimoja hufuata kila kingine mara moja tu. Kwa njia hiyo uchovu wa ulimi, ambao huongezeka kuelekea mwisho, hugawanywa sawasawa badala ya kukiangukia kisafishio kimoja.

JARIBIO LA PILI: VIKOMBE VITATU

Ulimi ukisharudi kwenye sifuri, huweza kuulizwa swali: je, vinywaji hivi viwili vyatofautiana kweli? Njia ifaayo ni ya vikombe vitatu. Viwili vitiwe kinywaji kimoja, cha tatu kingine. Vyote viwe na namba za siri. Mwonjaji atafute kilicho tofauti. Darasani zitumike ukwaju za nguvu mbili. Watengenezaji watu wazima waweza kutumia pombe za mitungi miwili.

Mtu anayebahatisha tu hupata jibu sahihi mara 1 katika 3. Kwa hiyo waonjaji 12 wanaobahatisha watarajiwa kutoa majibu 4 sahihi. Wakipata 7, hilo bado laweza kutokea kwa bahati karibu mara 7 katika 100. Wakipata 8 au zaidi, bahati haielezi ila mara 2 hivi katika 100. Hapo pana sababu nzuri ya kuamini kuwa tofauti ipo. Mama mpika pombe anayelaumiwa na wateja watatu wenye kelele aweza kujitetea kwa hesabu hii kuliko kwa maneno mengi.

MIPAKA YA ULIMI

Baada ya kusema hayo yote, hapana budi kusemwa jambo zito zaidi. Ulimi uliosafishwa vizuri hupima ladha, haupimi usalama.

Ni kweli kwamba uchachu ni kinga. Vijidudu vingi viletavyo kuhara havistawi katika pH iliyo chini ya 4. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa asidi laktiki walipatwa na kuhara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Hii ni sifa kubwa ya togwa, na ni sababu ya kuheshimu ujuzi wa walioibuni.

Lakini zipo sumu ambazo asidi haiziondoi na ulimi hauzioni. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao wakafa. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota juu ya nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Haina ladha ya kumwonya mlaji, na uchachushaji hauwezi kutegemewa kuimaliza.  Mfano wa karibu upo: Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nafaka kwenye msiba. Uchunguzi uliofuata ulikuta katika pombe hiyo sumu iitwayo asidi bongkreki, itengenezwayo na bakteria waliostawi katika unga wa mahindi ulioharibika. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Kwa hiyo ubora wa kinywaji kichachu huanzia ghalani, si kinywani. Nafaka ikauke vizuri. Yenye kuvu itupwe, isipelekwe kwenye kimea wala kwa mifugo. Vyombo na maji viwe safi. Mtu asiseme, "Nafaka hii imeharibika kidogo, uchachu utaifunika." Uchachu hufunika ladha tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kinywaji kimoja kina pH ya 5 na kingine pH ya 3. Cha pili kina ioni za haidrojeni mara ngapi kuliko cha kwanza?

2. Eleza kwa nini asali huweza kupunguza uchachu ikitiwa ndani ya togwa, lakini huongeza uchachu ikilambwa kabla ya kunywa togwa.

3. Pombe mbili zina pH sawa, lakini moja yaonekana kali zaidi puani. Ni asidi gani inayoshukiwa, na imetokana na nini?

4. Mwonjaji asema funda la sita la pombe ya mtama mwekundu ni chachu kuliko la kwanza. Ni kosa gani aweza kuwa amelifanya, na angetumia kisafishio gani?

5. Panga meza mbili kwa vyakula vipatikanavyo katika wilaya yako: moja ya kupimia kinywaji kichachu, na nyingine ya kukisindikiza. Toa sababu ya kila chakula.

6. Fanya Jaribio la Kwanza mara mbili, mara ya pili bila mapumziko ya dakika 3. Linganisha wastani, na ueleze tofauti itakayoonekana.